Kilichokuwa Kinakula Betri

Rehema mwanangu,

Begi lako nimeliona pale karibu na mlango, limefungwa kufuli. Kufuli, ndani ya nyumba tunayoishi watu wawili! Nilitaka kucheka, halafu nikaona haya, maana najua umeyatoa wapi hayo. Hukuyatoa shule wala kwa marafiki zako. Umeyatoa kwangu.

Habari za kula, kulala na kuvaa sweta sikuandikii. Hayo nimeshakuimbia mpaka ukaanza kuvaa vile vidubwasha vyako vya masikioni kila nikifungua mdomo. Na naandika Kiswahili kwa makusudi. Najua utakunja uso, utasoma polepole kama mtu anayetoa miiba kwenye samaki. Soma hivyo hivyo. Kwa Kiingereza mimi huwa mpole mno, kama niko ofisini kwa watu, na ninalotaka kukuambia halisemeki kwa upole.

Kesho asubuhi bakkie, ile pikapu ya Mzee Shabani, itakuja kukuchukua wewe na pikipiki mwende Durban kwa baba yako. Chuo umekitafuta mwenyewe na wamekupokea, hongera mwanangu, hapo sina neno. Lakini chumba amekupa baba yako, na hapo ndipo ninapokuna kichwa. Miaka yote hii simu ya Idi na simu ya kuulizia hali, basi, leo ghafla ana chumba? Kilikuwa kinalala nani kabla yako? Nilikuuliza juzi, ukanijibu kwa Kiingereza kwamba mimi kila kitu nakifanya kesi.

Ndiyo, nakifanya kesi. Nimezaliwa Tanga, nimelelewa na watu waliosema wasiwasi ndio akili, halafu nikaja kuishi Joburg, mji ambao ukisimama kwenye robot, taa za barabarani, umeweka mkoba kwenye kiti cha pembeni umeutoa sadaka. Kwa hiyo usisubiri nikuambie uache kushuku watu. Sitakuambia. Nataka kukuambia jinsi nilivyoshuku vibaya, na aliyenilipia ni nani. Hutaki kulisikia hili, na mimi sitaki kuliandika, kwa hiyo tuko sawa.

Unaikumbuka pikipiki ilivyokuwa ilipoingia hapa nyumbani mwaka 2015? Ilikuwa imeshachoka kwa kupeleka vyakula vya watu. Sanduku la nyuma limepasuka, saa ya kilomita imekufa, sindano imelala pale pale hata ukienda mpaka Diepsloot na kurudi. Kiki imevunjika, kwa hiyo bila betri huwashi mpaka usukumwe. Lakini injini ilikuwa nzima, na mimi nilikuwa na chapati na sambusa za kupeleka Hillbrow kwa walinzi na wasusi kabla hazijapoa. Wewe ulikuwa unaona aibu mama yako kuvaa helmeti juu ya ushungi. Ulikuwa unaniomba nikushushe mtaa wa pili ili wenzako wasituone.

Haikupita muda ikaanza vituko. Jioni naiacha nzima, kwenye ule ujia kati ya nyumba na ukuta, geti limefungwa. Asubuhi nageuza ufunguo, taa inawaka kwa shida, nabonyeza stata, tiki tiki tiki, imekufa. Baba yako anatoka na fulana yake anaisukuma barabarani mimi niko juu, inakohoa, inawaka, naondoka. Kila asubuhi, kabla hajaenda zamu yake ya ulinzi kule Hillbrow. Sikumbuki kama nilikuwa nageuka kumpungia mkono.

Nikanunua betri mpya. Hilo ndilo kosa la kila mtu, betri ikifa tunailaumu betri, kama vile ukikuta sufuria tupu uilaumu sufuria. Mpya nayo haikumaliza mwezi, ikaanza kuamka imekufa.

Hapo ndipo shetani alipovuta kiti akakaa. Ule mwaka ulikuwa mbaya, unaukumbuka. Umeme unakatwa kwa zamu, mtaa mzima giza, na sisi watu wa nchi nyingine, kwa hofu ya kushambuliwa, tulikuwa tunafunga milango jua halijazama, tunasikiliza kila kishindo. Mtu akiishi hivyo, kichwa kinazoea kutafuta adui. Nikaanza kujiuliza nani anaigusa pikipiki yangu mimi nikilala. Na mimi nikilala, unanijua, hata nyumba ikibebwa siamki. Baba yako ndiye aliyekuwa anakesha na mpira wake kwenye televisheni. Tena simu yake alikuwa na tabia ya kwenda kuipokea nje, karibu na geti.

Nikachukua chaki yako ya shule nikapiga alama, nusu kwenye tairi, nusu kwenye sakafu. Asubuhi nikakuta zimeachana, upana wa kiganja hivi. Nikamwuliza kwa mtego, nani kaisogeza pikipiki. Akasema ameisogeza yeye ili apite na ndoo kwenda bombani. Nikamwitikia "haya", na moyoni nikasema nimekukamata.

Sasa sikiliza jinsi kichwa cha mtu kinavyoharibika. Alfajiri moja nikatoka kabla ya wote nikaigusa injini. Baridi kabisa. Mtu mwenye akili zake angesema hii haikutembea. Mimi nikasema aliirudisha mapema ili ipoe. Nikafungua tangi nikaangalia petroli, haijapungua. Nikasema huyu mjanja, anairudishia. Yaani kila kitu kilichosema baba yako hana kosa, mimi nilikigeuza kikawa ushahidi wa ujanja wake. Na mwanamke nilishamtunga tayari, msusi wa Hillbrow, hata sauti yake nilishaijua.

Basi nikaenda kwa Papa Ilunga, yule fundi Mkongo wa Lubumbashi anayetengeneza pikipiki na jenereta nyuma ya duka la matairi. Siku ile alikuwa na kazi nyingi, jenereta tatu zimempanga foleni kwa sababu ya umeme. Nikamweleza betri zinavyokufa. Sikumwuliza kwa nini zinakufa. Nilimwuliza kama inawezekana kuna mtu anaingia usiku kuichezea. Swali langu lilikuwa limeshabeba jibu lake mgongoni.

Akainama, akashika nyaya mbili tatu, akanijibu bila kuinua kichwa, "Mwivi haitoke inje, maman. Eko ndani, mu moto. Usiku anakula." Akaniambia niiache pikipiki atafute vizuri. Mimi nilikuwa nimeshageuka.

Rehema, hebu lisikilize neno hilo kwa sikio la mtu wa Tanga. Mwizi hatoki nje. Yuko ndani, motoni. Usiku anakula. Sisi motoni ni jikoni, ni pale unapobandika chai. Na nani aliyekuwa akimaliza mpira anakwenda jikoni, anawasha jiko na kula kiporo cha wali peke yake? Nikakumbuka na methali, kikulacho ki nguoni mwako. Nikaona huyu Mkongo ni mtu mzima, ameniona nateseka, hataki kuingia kwenye ndoa ya watu, amenipa fumbo. Nikamshukuru kwa machozi. Masikini, alinishangaa.

Jioni ile ndiyo unayoikumbuka wewe. Ulikuwa umesimama mlangoni na daftari lako mkononi. Nilimwambia baba yako kila kitu, chaki, simu za getini, msusi wa Hillbrow, na kwamba hata mafundi mjini wanajua. Sikuuliza hata swali moja. Alikuwa na kijiko mkononi. Alikiweka chini akaniambia, "Ukishanihukumu, mimi nijitetee kwa nani?" Hakusema lingine. Na mimi kunyamaza kwake nikakupokea kama kukiri.

Asubuhi alipanga nguo zake. Ndugu yake alikuwa amemwambia siku nyingi kuna kazi ya ghala huko Durban. Kabla hajatoka alivaa fulana yake, akaja nje, akaisukuma pikipiki nikiwa juu yake, ikawaka. Niliporudi mchana hayupo. Wewe uliniuliza baba ameenda wapi nikakujibu, "Aende kwa huyo anayempelekea pikipiki usiku." Mtoto wa miaka kumi na minne. Nilikujibu hivyo kabisa, na wewe ukalibeba neno hilo mpaka leo.

Sasa ngoja. Baba yako ameondoka, yuko Durban, ndugu yake anathibitisha yuko Durban. Kesho yake asubuhi nageuza ufunguo. Tiki tiki tiki.

Unafikiri nilistuka nikajiuliza? Wapi! Nilisema ana ufunguo wa akiba, anatuma mtu. Nikabadilisha kufuli ya geti. Betri ikafa. Nikamshuku kaka wa mwenye nyumba wetu, maana ana sura ya kuchungulia. Nikaiingiza pikipiki sebuleni, ukalala na harufu ya petroli wiki nzima, unakumbuka ulivyolia. Betri ikafa ndani ya sebule, mlango umekomewa, mimi na wewe tumelala. Ilibaki nikushuku wewe, na wallahi sitakuficha, kuna asubuhi moja nilikuangalia vibaya.

Mwisho nikamshuku Papa Ilunga mwenyewe. Nikasema huyu ndiye aliyeichezea siku ile alipoinama, ili nirudi rudi kwake. Nikamwendea nimejaa hasira. Nikamwambia umeniambia mwizi yuko ndani, nimemtoa mume wangu, na betri bado inaliwa, sasa niambie vizuri wewe ni fundi au ni nani.

Alikaa chini kwenye tairi. Akaniuliza taratibu kama kweli nimemfukuza papa ya mtoto. Nikasema nimemfukuza kwa maneno yake yeye. Akasimama akaipiga kofi siti ya pikipiki. "Maman, nilikuambiaka mwivi eko mu moto. Moto njo hii."

Wakongo pikipiki wanaiita moto. Wamelitoa kwenye Kifaransa chao. Miaka yote ya kuishi nao hapa, salamu zao nazijua, mapishi yao nayajua, lakini habari za pikipiki sikuwahi kukaa nazungumza nao. Alikuwa ananiambia kuna kitu ndani ya pikipiki kinakula umeme usiku. Kitu. Kwao hata kitu kinakuwa "yeye".

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini Papa Ilunga hakuniacha nilie, alinipa mita nishike mwenyewe, ile ya njano yenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Nadhani aliona mtu kama mimi akiambiwa tu hataamini. Alijua sana.

Kwanza tukaipima betri iliyojaa, injini imezimwa. Volti kumi na mbili na nusu na kidogo, nzima. Tukawasha, tukavuta mafuta kidogo, namba ikapanda karibu kumi na nne. Akasema hapo maana yake koili ya injini inazalisha umeme na betri inapokea. Ingebaki kumi na mbili tungesema haichajiwi, tungeanza kuangalia soketi zilizoungua na waya wa ethi unaoingia kwenye bodi, halafu koili yenyewe. Lakini inachajiwa. Kwa hiyo kinachoiua hakiko kwenye safari, kiko kwenye kulala. Tukazima, tukatoa waya hasi wa betri, tukaiweka mita katikati, betri upande huu na waya upande ule. Ufunguo umetolewa, kila kitu kimezimwa, na mita inaonyesha kuna kitu kinakunywa. Tukaanza kuchomoa kimoja kimoja. Honi, bado. Taa ya nyuma, bado. Akaniambia nichomoe soketi ya rektifaya, kile kidude chenye mapezi chini ya kifuniko cha pembeni, kinachopokea umeme wa koili na kuupeleka kwenye betri. Nikachomoa. Mita ikalala kwenye sifuri.

Rektifaya kazi yake ni kuruhusu umeme uingie kwenye betri na kuuzuia usirudi. Ile ilikuwa imechoka, inaurudisha polepole usiku kucha. Kidude cha kujaa kiganja. Tukafunga kingine alichokitoa kwenye pikipiki mbovu, na mpaka leo betri haijawahi kuamka imekufa.

Nilifikiri yamekwisha hapo. Nilipokuwa navaa helmeti, Papa Ilunga akaniuliza kwani nilidhani mume wangu anaifanyia nini usiku. Nikamwambia anaipanda kwenda kwa mwanamke. Akanitazama kwa huzuni akasema lakini si umeona mwenyewe, ikitembea inajichaji. Angekuwa anaipanda kila usiku, asubuhi ungeikuta imeshiba.

Rehema, hilo nililijua tangu mwanzo. Kila mwenye pikipiki analijua. Mimi mwenyewe ikisukumwa asubuhi ikazunguka Hillbrow na Yeoville, mchana inawaka kwa stata bila tabu. Kufa kwa betri ndiko kulikokuwa kunamtetea baba yako, kila asubuhi, mbele ya macho yangu, na yeye yuko nyuma anasukuma.

Hiyo ilikuwa mwaka 2016. Leo ni 2019. Hesabu mwenyewe nimekaa kimya muda gani.

Sikumpigia. Mwanzoni nilisema nitampigia Ijumaa, halafu Ijumaa ikapita. Halafu nikapata sababu, na mimi sababu sizikosi. Nikasema mtu asiye na kosa kwa nini aondoke? Kwa nini asipige meza, asimlete huyo fundi tuulizane? Na zile simu za getini zilikuwa za nani? Hayo bado najiuliza hata sasa hivi, sitakudanganya kwamba nimepona. Lakini ukweli wenyewe ni kwamba nilikuwa naogopa. Nikimsafisha yeye, uchafu wote unabaki kwangu, na wewe ulikuwa umebaki na mimi peke yangu.

Kuna Idi moja alipiga simu akaomba kuongea na wewe. Ulikuwa unasuka nywele zako pale dirishani. Ukaninong'oneza kwa Kizulu, ukidhani hataelewa, kwamba huna maneno na mtu wa kuzurura usiku. Nilikuwa nimeshika simu na najua kila kitu. Najua rektifaya, najua kumi na nne, najua kiporo cha wali. Nikamwambia baba yako mtoto amelala. Na ndani yangu, Mungu anisamehe, nilifurahi kidogo kwamba uko upande wangu. Kati ya yote niliyoyaandika hapa, hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kwa hiyo unapokwenda kwake kesho usimwangalie kwa macho niliyokupa. Mimi sikumpima kwa mita. Nilimpima kwa chaki na kwa methali. Siwezi kukuambia ni mtu mwema, sijui, nimeishi naye miaka na sijui, kwa sababu nilipopata nafasi ya kujua nilikuwa na haraka ya kumkamata. Mshuku, ndiyo. Wewe ni mtoto wangu, hutaweza kuacha. Ila ukimshuku, mwulize, na akikujibu, mrudishie ulivyoelewa umwulize kama ndivyo alivyosema, hasa kama lugha zenu hazikukutana. Kiswahili chako ni cha kusikia na chake ni cha Dar, na katikati hapo neno moja linatosha kubomoa nyumba.

Na pikipiki usiisahau, Durban ni pwani, chumvi inakula vichwa vya betri mpaka vinaota ukungu wa kijani. Ikianza kusumbua anza na hapo, na waya wa ethi, kabla hujamsikiliza fundi yeyote anayekuambia ununue betri. Fundi wa namna hiyo mshuku kwa idhini yangu.

Jambo moja sitakutwisha. Nilifikiri nikuombe umwambie wewe, kwa kuwa utakuwa unamwona uso kwa uso na mimi sitamwona. Nimeona huo ni uoga uleule umevaa nguo nyingine. Nitampigia mwenyewe. Bakkie ikishatoka hapa nitakaa na simu, na kabla hamjapita Harrismith, katikati ya njia, nitakuwa nimeshamwambia, kuanzia chaki mpaka rektifaya, na kwamba wewe ulinyimwa ukweli na mimi. Sijui atanijibu nini. Huenda akakata simu. Huenda ukamkuta amekasirika mlangoni na hasira yote ni yangu, usidhani ni yako.

Ukiishi naye ukaona ni mtu mbaya, rudi siku hiyo hiyo, mlango huu hauna maswali. Na ukiona ni mtu mwema, mwanangu, usinifiche kwa kunionea huruma. Nipigie uniambie. Nataka kujua nilimfukuza nani.

Mama yako,
Mwanahawa